Jiwe la Kambove kwenye maji ya chumvi

Likasi, Kongo

Kwako Mama,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Bado unakalia kile kigoda kifupi mbele ya karai la mafuta, au umemsikiliza daktari? Nampa barua hii dereva wa lori anayeteremka Dar, ataituma Tanga kwa basi. Neema anayekusomea asiruke mistari, namjua mdogo wangu.

Sisi wazima. Na samaki wangu amekula! Amekula leo asubuhi, Mama, nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna harusi.

Najua unacheka. Wewe umekaanga samaki tangu sijazaliwa, leo binti yako anamlilia samaki mmoja asiyemtosha hata paka. Ni kitatange, wale wa njano wenye mistari mnaowaacha mchangani kwa sababu ya miiba. Alikuwa wa bosi wa Deo kule kiwandani, mgeni mmoja. Aliporudi kwao hakuweza kumbeba, akamwachia Deo pamoja na tangi lake la kioo. Mume wangu akaniletea huku anacheka: "Esta, weye ni muntu ya bahari, utamujua huyu."

Mimi ninayeijua bahari kwa kuogelea tu! Huku bahari tunaipika wenyewe. Unachanganya maji na chumvi maalumu inayotoka Lubumbashi, maana ya jikoni itamuua. Umeme ukikatika, na unakatika kila siku, pampu yake inaendelea kwa betri ya gari aliyoifunga Deo, sisi tukiwa gizani. Basi namtazama nikimenya vitunguu, na moyo unatulia. Ndiye wa kwetu pekee niliye naye huku.

Sasa nikwambie jambo nililokuficha. Mama mkwe, Mama Vero, alikuwa hajanipokea. Tangu tuoane aliniita "ule wa Tanzania". Akija kwetu anakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Chai yangu alikuwa anaionja na kuiacha.

Halafu Jumapili moja alitoka misa akaja na kitu amekifunga kwenye kitenge. Kumbe ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari linalotoka kwenye machimbo ya shaba. Marehemu mumewe alilitoa Kambove alipokuwa akifanya kazi mgodini, akaling'arisha kwa mikono yake mwenyewe. "Nyumba ya samaki yako iko tupu," akaniambia. "Weka hii, ikuwe muzuri." Nikaliweka katikati ya tangi. Siku hiyo alikunywa chai yote, akaomba nyingine. Mama, nilifurahi kama siku ya posa.

Lakini samaki akaanza kudhoofika. Walikufa kwanza kamba wawili wadogo waliokuwa wakiishi naye. Kisha yeye akaacha kula, akawa anajibanza kwenye kona, anahema mbiombio, rangi imefifia. Nikabadilisha chakula, wapi! Nikamwombea hata kanisani, Mungu anisamehe. Mwishowe Deo akampigia simu yule bosi wake wa zamani, naye akauliza swali moja tu: mmeingiza nini humo ndani? Aliposikia ni malakiti, akapiga kelele. Jiwe lile ni shaba, na shaba ikiyeyukia kwenye maji ya chumvi ni sumu kwa viumbe wa bahari.

Deo akasema tulitoe: "Tuitoshe kimya-kimya. Tutamuambia Mama tuliipeleka kuisafisha." Ningetamani iwe rahisi hivyo. Mama mkwe kila akija alikuwa analitazama jiwe kabla hata ya kutusalimu. Nikilitoa, narudi kuwa "ule wa Tanzania". Nikiliacha, samaki anakufa mbele ya macho yangu. Niliogopa, sikufichi. Lakini wewe mwenyewe hunambia mficha uchi hazai. Kwa hiyo alipofika Jumapili nilimlaki mlangoni, kabla hajakaa, nikamweleza yote.

Akauliza, "Ile jiwe ya bwana yangu ndiyo inaua samaki?"

"Ndiyo, Mama. Ni shaba iliyomo."

"Na juu ya nini haukuniambia mbele?"

Akaweka mkoba chini, akakunja mkono wa gauni lake la kanisani mpaka begani, akauzamisha kwenye tangi na kulitoa jiwe mwenyewe, maji yakimwagika sakafuni. "Mavumbi ya hii jiwe ilikulaka bwana yangu mapafu," akasema taratibu. "Haiwezi kula tena samaki ya mutoto yangu."

Nilidhani anamsema Deo. Kumbe alikuwa ananitazama mimi. Nililia pale pale, Mama, bila aibu, naye akanipa kile kitenge nijifute.

Tukabadilisha maji tena na tena, tukaweka na makaa maalumu ya kuchuja sumu. Leo asubuhi kitatange ametoka konani akadonoa kipande cha kamba, akarudia. Nimepumua. Jiwe liko juu ya kabati, kando ya picha ya marehemu, na Mama Vero anasema hapo ndipo pake.

Nisalimie shangazi Salome, mwambie kanga alizonipa bado hazijachuja. Msalimie kaka Yona na mkewe, na Neema apunguze maneno.

Mama mkwe yuko hapa mezani, amekaa mbali kabisa na mlango, anachambua mboga. Ameniuliza namwandikia nani. Nikamwambia, Mama yangu. Akasema niandike hivi, nami naandika kama alivyotamka: "Umuambie asikuwe na mashaka. Huku mutoto wake iko na mama."

Binti yako,
Esta