Mililita Tano za Baba

Baba mpendwa,

Ukuta wa nyumba yetu hapa kambini Nakivale bado una ile ngazi uliyoichora kwa mkaa: kilo, hekto, deka, lita, desi, senti, mili. Udongo umebanduka pale penye mili, na sijapaziba. Sina moyo wa kupagusa.

Ulinikalisha juu ya jerikani, ukanipa kikombe, ukasema, "Mama, ukishuka fasi moja, unaongeza ziro moja. Ukipanda, unaondoa." Nikikosea hukunikemea. Uligonga meza kwa kidole mara mbili, ukaningoja nilione kosa mwenyewe. Watoto wa jirani walinicheka eti napima hata maji ya kunawa. Mimi niliringa tu. Si nilikuwa binti wa mwalimu?

Kisha uvimbe wa koo ukakunyang'anya sauti. Hospitali kule Mbarara haikuwa na la kufanya tena, ikaturudisha nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu. Nesi aliandika vizuri kabisa: mililita tano, kila baada ya saa nne. Akanipa na bomba la sindano la kupimia, lenye alama za cc. Mtu asiyejua angeuliza. Mimi nilitazama ukutani. Ile c nikaichukua kuwa ya senti, fasi moja juu ya mili, nikapanda, nikaondoa ziro. Mililita tano zikawa nusu cc.

Nilikupa nusu, Baba, kwa siku tisa.

Ulijikunja, ukauma shuka mpaka ikatoboka. Nilidhani ndivyo ugonjwa ulivyo, nikakaza roho, nikiogopa kukuzidishia. Na kila nilipovuta dawa, uligonga ubao wa kitanda kwa kidole. Mara mbili. Nikaushika mkono wako ili utulie.

Siku ya kumi nilikwenda Rwekubo, nikapanda gari la Mbarara kuomba dawa kali zaidi. Nesi akainua chupa.

"Mbona hii imejaa? Unapatia mzee ngapi?"

"Nusu."

"Nusu? Wewe! Cc moja na mililita moja ni kitu moja!"

Baadaye akanieleza kwamba cc ni sentimita za ujazo, na kwamba nilikuwa nakupa sehemu moja tu ya kumi ya dawa yako. Hilo lilikuwa somo la muhula uliokuwa unafuata, kule kwetu Kivu. Tulikimbia kabla hujalifikia, na hapa hatukulirudia.

Nilirudi, nikavuta mpaka tano. Ulilala mchana kutwa, uso umelegea kama wa mtoto aliyeshiba. Niliosha vyombo huku nikilia. Hukuamka tena sawasawa, na siku ya tatu ukaondoka kabla sijakuambia nilichofanya.

Mwanangu sasa ananiomba nimfundishe ile ngazi. Nimemwanzishia na cc. Hajui kwa nini, na mimi sijaweza kumwambia.

Najichukia, Baba. Na kuna jambo moja linalonitafuna kuliko yote. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kukosea mbele yako usione. Bomba nililivuta mbele ya macho yako, siku tisa. Kile kidole kilikuwa maumivu, au uliliona kosa langu ukawa unaningoja?

Kama uliningoja, nisamehe. Nilikushika mkono.

Pumzika sasa, pasipo na kipimo.

Binti yako, uliyemwita mama