Watasema Amegoma Kuhama

Baba,

Shikamoo. Nimeandika salamu hiyo, kisha nikakaa kama mjinga, nasubiri marahaba yako.

Tumehama. Naanza na hilo maana ndilo linalonikaba. Ile nyumba ya shirika pale Mfaranyaki, uliyopewa ulipoanza kuendesha lori lao, si yetu tena. Shirika lenyewe limeuzwa. Siku hizi kila kitu ruksa, baba: ruksa kuuza, ruksa kununua, mitumba imejaa sokoni, sabuni za kila rangi zimejaa madukani. Sisi tu ndio hatukuwa na ruksa ya kubaki. Tulikuwa hatujamaliza matanga yako alipokuja kijana wa mnunuzi, viatu vinang'aa, akasimama mlangoni. "Nyumba inatakiwa, mama. Poleni na msiba." Nyumba kwanza, pole baadaye.

Nimepata vyumba viwili Mjimwema kwa Mzee Saidi, mwuza vitambaa aliyetoka Lindi. Ni mtu mzuri. Nakuambia mapema usije ukamchukia. Alipoona mkokoteni umesheheni vitanda na masufuria, juu yake tenga la njiwa wako, na paka wa Mama analia ndani ya kikapu, alicheka. "Karibuni na ukoo wenu wote!" Kisha akamwona mbwa wako, Watasema, nyuma, kafungwa kamba. Kicheko kikakatika.

"Binti yangu, paka na njiwa karibu sana. Ila mbwa, hapana. Mimi nasali hapa uani."

Nilipiga magoti, baba. Mbele ya mtu nisiyemjua, kwa ajili ya mbwa. Yeye ndiye aliyeona aibu. Akaniinua, akasema haya, afungwe nje ya uzio, tutaona.

Unakumbuka nilivyokuuliza kwa nini umempa mbwa jina la Watasema? "Dereva kumnunulia mbwa dagaa kila mwisho wa mwezi, unadhani majirani watanyamaza? Watasema tu." Ukacheka mpaka ukakohoa. Na kweli walisema, na wewe ukazidi kununua. Alikuwa anaijua sauti ya lori lako tangu linapopanda kilima. Sisi hatujasikia kitu, yeye yuko barabarani anatikisa mkia, na Mama anakutengea maji ya kuoga.

Sasa fikiria. Siku tuliyokusafirisha kwenda kukuzika Namtumbo, watu walikuwa wengi, tukamfungia stoo asisumbue. Hakuliona jeneza. Hakunusa chochote. Kwake yeye umechelewa tu kurudi.

Kwa hiyo hakukaa Mjimwema. Asubuhi ya kwanza tulikuta kamba imetafunwa. Nikamfuata Mfaranyaki, amelala kizingitini. Nikamrudisha, akatoroka tena. Nikaazima mnyororo, akalia mchana kutwa hadi shingo ikachubuka damu. Nikamfungua kwa mikono yangu mwenyewe. Sikuweza, baba. Sikuweza.

Njiwa nao. Nilipowafungulia walizunguka bati la Mzee Saidi mara moja tu, wakaelekea kwao. Mafundi waliokuja kuezua nyumba yetu wakawanasa, wakawala. Wamekula njiwa wako. Nilikuta manyoya jikoni kwetu, pembeni ya moto wa watu nisiowajua.

Mlinzi wa pale, mzee mmoja Mmatengo, aliniita kando. "Mwanangu, mwondoe huyu mbwa. Wanasema watamwekea sumu, wanaogopa atawang'ata." Amng'ate nani? Hata kichwa alikuwa hainui. Ugali na dagaa nilivyomwekea hakuvigusa. Mabati yamekwisha kung'olewa, jua linamchoma, mvua inamnyeshea, yeye macho yako barabarani.

Nikarudi kwa Mama. Tangu tuhame alikuwa analala kaelekea ukutani, sahani anairudisha kama nilivyompa. Nikamweleza habari ya sumu. Nikalia, nikasema, Mama, nifanyeje, sina pa kumpeleka. Akanijibu bila kugeuka.

"Mwache. Yeye angalau ana pa kumsubiria."

Hapo nikaogopa kweli. Nilikuwa nahangaika kuokoa mmoja, kumbe wanaokufa ni wawili. Nikatoka nje, nikaketi chini barazani, nikalia kwa sauti bila kujali nani ananisikia. Mzee Saidi alitoka, akanikuta hivyo. Nikamwambia yote. Alikaa karibu yangu mpaka nikanyamaza.

Kesho yake Mama aliamka mwenyewe, akajifunga kanga, akaniambia, "Twende." Tulitembea polepole mpaka Mfaranyaki. Alipomwona Watasema akaketi kwenye vumbi, akampakata kichwa. Halafu akaanza kumsimulia, kwa Kingoni, kama anamsimulia mtu: ulivyoanza kuumwa, ulivyokuwa unaomba maji, ulivyonyamaza, udongo ulivyokuwa mwekundu. Mafundi waliacha nyundo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumsikia akiyasema hayo.

Alipomaliza akanitazama. "Nakwenda Namtumbo kwa baba yako mdogo. Na mbwa naye. Hapa mjini hatuna kwetu, si yeye si mimi."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe una darasa lako la kufundisha. Wewe bado una nguvu."

Ningemjibu nini, baba? Kwamba sina?

Lori alilitafuta Mzee Saidi, lililokuwa linakwenda Namtumbo kufuata tumbaku, na akaja nalo mwenyewe mpaka Mfaranyaki. Watasema aliposikia injini alisimama. Alisimama, baba, na mkia ukatikisika! Dereva akashuka. Watasema akamnusa suruali, kisha akarudi kizingitini akalala. Nilijaribu kumbeba, mikono ikaishiwa nguvu. Ndipo Mzee Saidi alipokunja mikono ya kanzu yake, akainama.

"Mzee, usimguse," nikamwambia.

"Acha, binti yangu. Maji yapo, nitanawa."

Akamkumbatia, damu ya shingo na vumbi vikamganda kifuani, akampandisha akamlaza miguuni pa Mama. Lori likaondoka. Mama hakunipungia, mikono yote miwili ilikuwa juu ya mbwa.

Dereva yule amerudi na habari. Mama anakula kidogo. Alimpeleka Watasema kaburini kwako; mbwa akanusa udongo, akazunguka, akarudi nyumbani akanywa maji. Kama ameelewa, sijui. Mimi ndiye sijaelewa bado. Nimebaki na paka, ambaye amezoea Mjimwema kana kwamba kazaliwa hapa, na kila jioni napika chakula cha watu watatu. Nafundisha, nasahihisha, narudi, nafunga mlango, na sioni siku ya kesho inafananaje. Kuna saa natamani mtu aje anibebe na mimi.

Basi, baba, pumzika. Sina nyumba ya kukuonyesha. Lakini nakuahidi hili: Mama hatazeekea kwa watu. Nitatafuta kiwanja, hata kiwe porini, hata nijenge kwa udongo na nyasi, mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja kusimama mlangoni akatutoa. Nitaanzia wapi sijui. Nikishapata, nitakwenda Namtumbo mwenyewe, nimchukue Mama, nimchukue na mbwa.

Mwanao,
Yasinta