Riwaya Isiyotaja Bunduki

Jumatatu, 4 Machi
Wewe uliyefungua hapa, hata kama ni wewe, wifi, nakusihi: ulichosoma kife nawe. Kuna roho ya mtu humu.

Mkuu wa ukaguzi wa vitabu kanipa muswada. Riwaya ya vita, haina jina la mwandishi. Anataka nisome nimwambie kaiandika mtu wa namna gani, wamsake. "Mtu huandika anavyoongea, binti." Kwa nini mimi? Makarani tumejaa tele!

Jumanne, 5 Machi
Hakuna bunduki hata moja. Mabomu ni "wageni". Kijiji kinateketea hivi: "Wageni walibisha. Tukawapokea kwa migongo." Wafu "wamelala mapema". Lugha ya sebuleni — ndiyo inayotisha. Damu ningeizoea.

Ukurasa wa pili tu nikamjua. Kaka yangu! Tangu arudi vitani huongea hivyohivyo. Radi ikipiga nyumbani, sote: "Wageni hao!" Tunacheka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeandika taarifa: mwandishi ni bibi wa makamo, pengine mwalimu, vita hajaiona. Mkuu kabetua midomo. Hajaiona? Nikasema angeiona angeitaja. "Walioiona ndio hawaitaji, binti." Kisha akauliza habari za nyumbani. Hajawahi kuuliza!

Jioni nimemsihi kaka aondoke. "Nimekimbia vya kutosha, mdogo wangu." Wifi kasonya tu, kaendelea kukunja nguo. Anajua?

Ijumaa, 8 Machi
Jenereta la ofisi limelipuka — paa! Kabla sijafikiri, mdomo umeniponza: "Wageni hao!" Mpiga chapa kacheka hadi machozi. Wageni gani hao, umewaandalia chai? Mkuu hakucheka. Kafunga faili polepole, kachukua simu, kajifungia ndani.

Nimetoka kama naenda msalani. Sasa niko kwa fundi viatu, jirani yetu wa zamani. Kaka hapokei simu. Nachana ukurasa huu, fundi ampelekee kazini.

Kaka, usirudi nyumbani. Usinipigie, simu nimezima. Mfuate fundi, atakuonyesha mlango wa nyuma wa kibanda chake. Ukikuta pamefungwa, nenda uwanja wa mpira, kaa nyuma ya goli lililovunjika. Mimi nitakuona kwanza. Wifi asijue bado. Na ukiletewa barua yangu, mwandiko wangu kabisa, lakini maneno marefu, safi, ya kiofisi — usije. Hapo nitakuwa naandikishwa. Mjibu aliyeileta kwamba —