Msiba wa Kuigiza, Chang'ombe

Dada Somoe,

Shikamoo. Huku joto halina huruma, lakini mie mzima.

Jana alasiri nililia msibani, na maiti hakuwepo. Vijana wa mtaa huu wanarekodi filamu fupi kwa simu. Kisa chake: mwenzao wa miaka kumi na sita alianza na sigara ya umeme, akahamia kwenye unga wa kulevya, amekufa. Wakafunga turubai, wakatandika mikeka. Na huku kama huko Lindi, turubai likifungwa watu hawaulizi. Mama wa nyumba ya tatu alipita, akavua ndala, akajitanda kanga, akakaa na kuanza kulia.

Binti mwenye simu akampigia magoti. "Mama, utusamehe, tunaigiza tu." Akamweleza kisa, akamwonyesha na hiyo sigara ya umeme, kidude chembamba, kinanukia embe.

Yule mama alikishika muda mrefu. "Cha mwanangu ni cha bluu," akasema. "Yuko ndani, amelala. Nyie endeleeni kurekodi. Niacheni nimlie angali anasikia."

Kuanzia hapo hakuna aliyeigiza tena.

Dada, kile kidude ulichokikuta kwenye begi la mwanao Hamisi, akakwambia ni flashi, nilipokuwa huko tukakinusa tukacheka kwamba siku hizi hata flashi zinanukia embe: si flashi. Usimpige. Mkumbatie kwa niaba yangu, kisha kaa naye leo hii, kabla hujaiweka kadi hii chini.

Mdogo wako,
Zuhura