Maneno Ambayo Jaji Hakuyasema

Bi Zulekha, assalaamu alaykum. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mwenyewe sijui nicheke au nilie.

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Jadida, Wete, nina miaka thelathini na moja na naishi na mama yangu, Bi Mwanawema. Mwezi uliopita, alipofariki Jaji Thabit Shaame, Mwenyezi Mungu amrehemu, simu za Pemba nzima hazikutulia, huyu anaweka picha yake na joho, yule anaandika innalillahi, mwengine anamtukana kwa sababu alimfunga kaka yake, watu wanamrukia, wanatukanana wao kwa wao mpaka marehemu mwenyewe kasahauliwa, na mimi nimekaa kitandani nasoma, naona kila mtu ana lake juu ya jaji, na mimi ninalo kubwa kuliko lao na nimenyamaza.

Nilipokuwa na miaka kumi na mbili alitokea mtu na karatasi yenye alama ya dole gumba la mama, akadai kauziwa nyumba yetu, na mama hajui kusoma, kesi ikafika kwa Jaji Thabit kule Chake Chake. Jaji alimwona mama anatetemeka, akaamuru apewe kiti, kisha akaisoma ile karatasi sentensi moja moja kwa maneno ya kawaida, na kila akimaliza moja anauliza, "Na hili, Bi Mwanawema, uliambiwa?" Mama anajibu, "Sikuambiwa." Wakaenda hivyo mpaka chini. Nyumba ikabaki yetu, na ndimo ninamoandikia barua hii.

Basi nikaandika hayo kwenye ukurasa wangu. Lakini nilipofika mwisho nikaona hayatoshi, nikaongeza kwamba baada ya hukumu jaji alishuka, akanishika bega, akanambia, "Mwanangu, soma, ili kiti changu hiki siku moja ukikalie wewe." Hakusema, Bi Zulekha. Hakushuka, hakunigusa, na sidhani kama alijua mama ana mtoto mle ndani.

Ukurasa wangu ulikuwa wa picha za keki, na watu sitini. Kufika adhuhuri walikuwa elfu nne, jioni sijui wangapi, simu ikawa moto mkononi, watu wa Maskat na Dubai wananiandikia kwamba wamelia, mmoja kachukua picha ya jaji kayaandika maneno yale juu yake kwa rangi ya dhahabu na sasa yamo kwenye kila grupu, redio wamenipigia mara mbili, na wasichana wa skuli moja wameyachapisha kwenye fulana watakazovaa kwenye matembezi yao pale uwanja wa Gombani. Nakwambia kweli, sijapata furaha kama ile tangu nizaliwe, chai inapoa mbele yangu nasoma majina ya watu nisiowajua wananiita dada.

Siku ya tatu akaandika chini ya posti yangu Mzee Khatib wa Madungu, aliyekuwa karani wa mahakama. Aliandika kwa adabu tu: "Nilikuwepo siku ile. Kesi naikumbuka, lakini maneno haya marehemu hakuyasema." Watu walimvamia, wakamwita hasidi, mzee mwongo, wengine wakasema yeye ndiye aliyekuwa akila rushwa. Mimi nikanyamaza. Na si kunyamaza tu, kuna mmoja aliyemtukana nikamlaiki. Nasikia sasa mzee hajibu tena simu.

Mama alisomewa posti na jirani. Akanijia jikoni, akanambia kwa sauti ya chini, "Rahila, siku ile ulikuwa umening'ang'ania kanga kutwa nzima. Bega alikushika saa ngapi?"

Na jana kanipigia Fakhriya, binti wa jaji. Dua ya arobaini ni Jumamosi kwao Chake, wanachapisha kitabu kidogo cha kumbukumbu, wanataka maneno yale yawe ukurasa wa kwanza na mimi nisimame niyaseme upande wa wanawake. Akanambia, "Baba hakuwa msemaji nyumbani. Nimefurahi kujua alisema na wewe." Nikaitikia, "Inshaallah."

Nifanye nini? Nikisema kweli nitawavunja moyo watu wote hawa, na wale wasichana wa fulana, na huyu binti. Na maneno yenyewe ni mazuri, hayajamdhuru mtu. Jina langu usilifiche gazetini, kila mtu keshalijua.

Rahila, Jadida.

JIBU

Rahila, wa alaykum salaam. Unasema hayajamdhuru mtu, na mistari michache juu yake umenieleza habari za Mzee Khatib. Rudi ukaisome barua yako mwenyewe.

Nimekuelewa zaidi ya unavyodhani. Ulikuwa mtoto, ukamtazama mtu mkubwa akimwokoa mama yako, na ulitamani naye akutazame. Hilo si kosa, na miaka kumi na tisa umelibeba peke yako. Kosa ni kumtia maneno mdomoni mtu asiyeweza tena kukukatalia, kisha kumwacha mzee wa watu atukanwe kwa kusema kweli. Na ile laiki yako ni tusi ulilomtukana kwa kidole.

Barua yako ilikuwa na haraka, kwa hiyo sikungoja gazeti, nilikupigia Jumatatu nikakwambia uanze Madungu, uende na mama yako. Mlikwenda. Ulinihadithia kwamba Mzee Khatib alikufungulia mlango, akakusikiliza umesimama, kisha akamgeukia mama yako akasema, "Bi Mwanawema, ulijibu maswali kumi na tisa. Mimi ndiye niliyeyaandika." Wakakaa wakayakumbuka moja moja, na wewe ukalia. Nami nilifurahi kusikia umelia huko na si mbele ya kamera.

Fakhriya naye umempigia. Kwanza alikwambia umemuumiza. Ana haki, usimjibu kwa kujitetea. Baadaye akauliza, "Kwani hasa alifanya nini?" Ukamweleza habari ya kiti na ile karatasi. Akasema, "Huyo ndiye baba ninayemjua." Maneno ya dhahabu yametolewa kitabuni, na anaomba mama yako ndiye asimame aseme.

Imebaki posti. Usiifute kimyakimya ukadhani umemaliza. Ijumaa andika juu yake kwamba umesema uongo, kwa neno hilohilo, uongo, na usijifiche nyuma ya "kama kuna niliyemkwaza." Mtaje Mzee Khatib kwa jina, mwombe radhi mbele ya walewale waliomtukana. Wapigie walimu wa ile skuli kabla ya matembezi. Wale wasichana watasoma vilevile, hawakuwa wakingoja ruhusa ya marehemu. Redio waambie wakitaka kisa, kipo cha kweli, na mwenyewe ni Bi Mwanawema.

Watakaokutukana watakuwa wengi. Usibishane nao hata mmoja.

Jumamosi mpeleke mama yako Chake mapema, mkae karibu na Fakhriya. Akisimama kusema, simu yako iwe imezimwa, nawe umsikilize.