Aliyeitika kwa Namba ya Glenn

Harlan Run,
Pennsylvania.
10 Oktoba

Mpendwa wifi yangu Loretta,

Hujambo huko kwenye baridi yako ya Alaska? Arvid naye hajambo, na lile goti lake limepata nafuu? Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kuni zimejaa stoo kabla theluji haijawafungia mlango.

Sisi hapa miili ni mizima. Mama yako anakula vizuri na usingizi anaupata, ila kumbukumbu ndiyo inakuja na kupotea. Kuna asubuhi ananiita Roz, kuna asubuhi ananiita kwa jina lako. Josie wangu amerudi chuoni, na kila akipiga simu anauliza kama nimekula, utadhani yeye ndiye mama.

Uliniomba nikuandikie habari za ile wikiendi ya kumbukumbu ya wazimamoto waliofia kazini, kwa kuwa hukuweza kusafiri. Nilikuwa nangoja hasira ishuke kwanza. Haijashuka, kwa hiyo nakuandikia nayo hivyo hivyo.

Nianze na zuri, maana nina moja tu. Kila familia hupewa mzimamoto wa kikosi kingine awe nayo mwanzo mpaka mwisho. Sisi tulipewa mama mmoja wa mji wa Erie aitwaye Bernadette, mpana wa mabega, mchache wa maneno. Alimbebea Mama mkoba, akamkatia nyama yake, na hakuniambia hata mara moja kwamba kaka yako Glenn yuko mahali pazuri zaidi. Kwa hilo tu nampenda.

Mengine yote, wifi, yalinitia kinyaa. Langoni walitundika bango la kampuni ya mifereji ya paa, kubwa kuliko ubao wenye majina ya marehemu. Chini yake watu wanauza fulana zilizochorwa kofia za zimamoto zenye mbawa za malaika. Mwanamke nisiyemjua alinikumbatia, akanigeuza uso, akatupiga picha, kisha ndipo akakumbuka kuniuliza, "Pole mpenzi, wewe nani wako aliyekufa?"

Nikamwambia, "Hakuna, nimefuata fulana."

Halafu Kessler, mkuu wa kikosi chetu. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akikupigia miluzi mlipokuwa shule. Bado anatafuna tumbaku na kutema kwenye kikombe cha karatasi, hata akiwa na sare ya heshima na glavu nyeupe. Alinipa mkono ambao glavu yake ina haradali, akasema, "Shemeji, Glenn alikuwa shujaa." Alilisema neno hilo kwa kila aliyepita mpaka likachacha.

Mimi nilimwuliza jambo moja tu: kibao kiko wapi?

Wewe uliondoka hapa kabla kaka yako hajajiunga na kikosi, kwa hiyo nikueleze. Kila mzimamoto ana kibao kidogo cha plastiki chenye namba yake. Akishika zamu, kabla ya kuingia motoni, anakitundika kwenye pete iliyo ubavuni mwa gari la zimamoto. Akitoka, anakichukua mwenyewe. Kibao kikibaki kwenye pete, kila mtu anajua kuna mwenzao bado yumo ndani. Glenn alitundika chake siku lile ghala la mbao lilipoungua mwezi wa Machi, na hakurudi kukichukua. Tangu siku hiyo sitaki kingine duniani. Akilini mwangu, mpaka kibao kile kitolewe kwenye pete, Glenn bado yumo ndani. Sema ni ujinga ukitaka, lakini ndicho ninacholala nacho na kuamka nacho.

Siku ya mazishi Kessler aliniambia kiliungua pamoja naye. Wifi, kibao hakiingii motoni! Kazi yake yote ni kubaki nje. Miaka kumi na tisa nimefua nguo za mzimamoto zinazonuka moshi, halafu mtu ananidanganya hivyo mbele ya jeneza. Nilipombana akageuza maneno, akasema wachunguzi ndio wanacho, na kwamba atanikabidhi kwenye wikiendi ya kumbukumbu. Akaapa pia kuwa namba arobaini na moja haitapewa mtu mwingine, itazikwa na Glenn. Ndiyo sababu nilikwenda. Sikwenda kwa ajili ya waridi wanalopewa wajane wala hotuba.

"Kila kitu kwa wakati wake, shemeji," Kessler akanijibu nilipomwuliza pale. "Kwanza ule. Kuna mahindi ya kuchoma."

Jumapili asubuhi tuliketi mbele kwenye viti vya kukunja. Bwana mmoja wa serikali akasoma kwamba Glenn Hudak aliingia kumwokoa mtoto mchanga. Mtoto gani? Ghala lilikuwa tupu. Glenn aliingia kwa sababu alitumwa aangalie kama moto umefika dari ya nyuma, akaenda kwa kuwa ndiyo kazi, na dari ikamwangukia. Hilo halikuwatosha, ikabidi wamtafutie na mtoto.

Kisha ukafika mwito wa mwisho. Kituo kinamwita marehemu redioni kwa namba yake mara tatu, kama siku za kazi, na watu wote wanasikiliza ule ukimya. Ukimya huo ndio heshima yenyewe. Baada yake hutangazwa kwamba amemaliza zamu.

"Harlan Run arobaini na moja."

Kimya. Wakaita tena. Kimya. Mama akanishika mkono, akaufinya. Wakaita mara ya tatu, redio ikakoroma, na sauti ya mwanamume ikajibu kwenye vipaza sauti vyote, "Arobaini na moja, nakupata, sema."

Sijui nikuandikie vipi kilichofuata. Mama yako alisimama. Alisimama bila fimbo, uso umemng'aa kama msichana.

"Kajibu!" akasema. "Roz, umemsikia? Kajibu! Waambie wamfungulie mlango."

Watu walilia. Mimi sikulia, nilikuwa nageuka kuitafuta ile sauti. Nyuma ya viti, kwenye gari la kikosi chetu lililoinua ngazi kushikilia bendera kubwa, alisimama Brent, mkwe wa Kessler, redio mkono mmoja na soseji mkono wa pili. Namba yake imeitwa, naye kwa mazoea ameitika. Alitambua alichofanya pale tu alipoona watu wote wamemgeukia.

Nilimwacha yule bwana wa serikali na bendera iliyokunjwa aliyotaka kunikabidhi, nikamshika Mama upande huu, Bernadette upande ule, tukamwendea Brent.

"Namba hiyo umepewa lini?" nikamwuliza.

"Juni, shemeji," akasema, akificha soseji mgongoni. "Baba mkwe alisema umekubali. Haki ya Mungu."

Kessler akaja mbio, kikombe mkononi. "Shemeji, tusilikuze jambo. Ni namba tu. Kibao kilikuwepo kizima, sasa tutengeneze kingine cha nini?"

"Kilikuwepo wapi?"

Akatema kwenye kikombe.

"Mkuu," Bernadette akasema polepole, "kiweke chini hicho kikombe unapozungumza na mjane."

Akakiweka. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kumtazama. Kwa kuwa Brent alikuwa zamu, kibao kilikuwa kinaning'inia kwenye pete ya gari, pale pale. Nilikijua kwa lile tundu la pembeni ambalo Glenn alilitoboa jikoni kwangu kwa msumari wa moto, baada ya la kwanza kukatika. Kilikuwa kimetundikwa na kutunduliwa na mkono wa mtu mwingine kiangazi kizima.

"Nikutolee, shemeji?" Brent akauliza.

"Usikiguse. Anayetoka ndiye anayekichukua."

Lakini vidole vyangu viligoma, kibanio kikawa kinaniteleza. Mama akanisukuma kwa kiwiko. "Pisha huko, mikono kama ya mlevi," akasema. Akakifungua mara moja, yeye aliyeshona vifungo kiwandani maisha yake yote. Akakitia kwenye mkoba, akaufunga. "Haya. Twende nyumbani, mwanangu asije akakuta chakula kimepoa."

Bendera na waridi Bernadette alituletea garini baadaye. Kessler ametuma paja la nguruwe la kuokwa. Mbwa wa jirani anamshukuru sana.

Nisalimie Arvid na watoto wote. Josie anakusalimu, na Bernadette pia, ingawa hamjuani. Mungu awalinde huko, awape joto ndani ya nyumba, na safari ya kuja kumwona Mama wakati bado anakukumbuka.

Kibao nimekitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni, pale kaka yako alipokuwa akiweka funguo. Mama kila akipita anakigusa kwa kidole na kuniambia, "Ameshatoka." Namwitikia, "Ndiyo, Mama. Ameshatoka."

Mimi wifi yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Roz