Papa Potwe wa Kanga Sita

Mdogo wangu Mwanaidi,

Nakusalimu kutoka Tabora, asali bado iko mdomoni. Leo kwenye kikao cha wazazi, shuleni anakofundisha Rehema wangu, walimcheka ati kafundisha kwamba papa potwe wetu wa Mafia anampita tembo kwa urefu. Mzee mmoja akaniambia, "Mama, tembo nawafukuza shambani kwangu. Huyo samaki nani kamwona?"

"Mimi, baba. Kapita chini ya mashua yetu akifuata dagaa."

Nikatandaza uwanjani kanga sita nilizowaletea wakwe wa Rehema, moja mbele ya nyingine: potwe ndiye huyo. Mzee akampima tembo wake kwa hatua, mkonga hadi mkia, akaishia kanga ya nne. Akavua kofia. Watoto wa darasa lao wakasimama wakamwamkia Rehema, "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba mimi, maana mwalimu nimemzaa mwenyewe.

Nibusie wanao wote, na potwe mpe salamu zake.

Dada yako,
Mama Rehema